Nguo za Kuangukia

“Mama, na mwenyewe aliyekuwa akizivaa, yuko wapi?”

Mauza aliliuliza swali hilo sebuleni kwa Mama Anjana, Upanga, jua likianza kupoa. Mama Anjana alijifanya anatafuta funguo. Habib, mume wa Mauza, ndiye aliyepaswa kulikazia swali lile kama mfanyabiashara yeyote mwenye akili zake. Lakini Habib alikuwa keshapiga magoti mbele ya sanduku la bati, kifuniko kiko wazi, kinywa nacho kiko wazi.

Ndani mlikuwa na kofia pana ya rangi ya udongo. Kizibao cha ngozi. Suruali nzito. Kitambaa chekundu cha kufunga shingoni. Mkanda mnene wenye ala ya bastola, na bastola yenyewe, ya mbao, iliyopakwa rangi kwa ufundi hata ukaidhania chuma. Chini kabisa, buti ndefu zenye vigurudumu visiginoni, vya chuma, vyenye meno kama nyota.

Si vya kuigiza hivyo. Ni vyenyewe. Vilivaliwa kwenye tamthilia ya makauboi iliyokuwa ikionyeshwa kwenye televisheni za Marekani enzi zile picha hazina rangi. Ghanshyam, marehemu mume wa Mama Anjana, aliwahi kuwa dobi huko ujanani mwake, kazi yake kufua nguo za waigizaji. Tamthilia ilipokwisha, wenzake waliondoka na mishahara, yeye akaondoka na sanduku.

“Orijino,” Habib alinong’ona. “Mke wangu, watu wa video watatupigia magoti.”

Wao walikuwa na duka la kukodisha mavazi Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Suti za send-off, majoho ya bwana harusi, vilemba, mataji ya bati ya wafalme wa maigizo ya shule. Habib alikuwa na maneno, Mauza alikuwa na sindano. Duka lilisimama kwa vyote viwili, ingawa ukimsikiliza Habib mbele za watu ungedhani nguo zinajishona.

Mama Anjana hakubishania bei. Alisema, “Chukueni. Lakini leo hii. Lisilale humu tena.”

Sasa, Kariakoo kuna elimu yake, na somo la kwanza ni hili: mtu asiyebishania bei, anakuuzia na matatizo. Mauza alilijua somo hilo kuliko alivyojua jina la diwani wake. Akalimeza. Mumewe alikuwa anacheka, na ni siku nyingi hakuwa amecheka vile.

*

Bajaji iliwashusha dukani magharibi ikibisha hodi. Machinga walikuwa wakikunja maturubai, mikokoteni ikigombea njia, spika moja sugu ikiendelea kutangaza bei ya vitu ambavyo mwenyewe keshavifunga guniani. Mauza na Habib waliishi juu ya duka lao. Na juu yao ghorofa nyingine, na nyingine, hadi paani kwenye matangi ya maji.

Mauza akatandaza nguo mezani azikague. Kwake hakuna nguo iliyotoka mwilini kwa mtu ikaingia mwilini kwa mtu kabla haijapita kwenye maji ya chumvi na moshi wa ubani. Mama yake alifanya hivyo, bibi yake alifanya hivyo. Habib aliijua sheria hiyo, na aliicheka tangu siku ya ndoa.

Kizibao kilikuwa kizito kupita ngozi yake. Akakigeuza ndani nje. Mabegani, mgongoni, ubavuni, palikuwa pameshonewa pamba nene iliyoshindiliwa. Suruali vilevile, magotini na nyongani. Na upande wa kushoto wa kifua kulikuwa na tundu lililozibwa kwa uzi, likatobolewa, likazibwa tena, likatobolewa... uzi juu ya uzi juu ya uzi.

“Habib, hebu njoo uone. Stelingi gani huyu anavaa godoro?”

Chri... chri... chri...

Habib alikuwa keshavaa buti.

“Nipe hicho kizibao.”

“Havijafuliwa!”

“Naonja tu, bi mkubwa. Kwani nguo inauma?”

Akavaa. Akavaa vyote. Na pale alipoiweka kofia kichwani, duka likanuka. Jasho la mnyama mkubwa. Vumbi la jua kali. Baruti.

Kariakoo kuna kila kitu, lakini farasi hakuna.

“Niite stelingi!” Habib alijitanua mbele ya kioo. “Unajua sheria ya picha za makauboi? Stelingi hafi!”

Mauza alicheka. Mungu amsamehe, alicheka kweli.

Hapo akaingia Zahoro, mtengenezaji wa video za muziki, mteja wao wa siku nyingi, mtu wa kuvaa miwani ya jua hadi giza limwangushe. “Oyaa! Kauboi wa Bongo huyo! Umeua, kaka!” Akapiga makofi. Pa! Pa! Pa!

Habib akanyamaza.

Akaifuata ngazi ya mbao waliyotumia kushushia nguo za juu. Akapanda. Hadi kidato cha mwisho, kichwa kikigusa dari. Akageuka, akawapa mgongo. Akafungua mikono.

Akajiachia.

Kishindo kilitikisa vioo. Vumbi jekundu likaruka kutoka kwenye zile nguo, jingi, kama zulia lililopigwa fimbo. Mauza alipiga ukelele ambao hata yule wa spika aliusikia.

Lakini Habib akainuka. Hakuinuka kama mtu aliyeumia. Aliinuka kama mtu aliye kazini. Akajipangusa magoti. Akaiweka sawa kofia. Akamtazama Zahoro na kutabasamu upande mmoja tu wa mdomo, tabasamu ambalo Mauza hakuwahi kuliona katika ndoa yake yote.

“Tena?”

Sauti ilikuwa ya Habib. Lakini ilitoka mbali... kama redio iliyowashwa chumba cha jirani.

“Tena, baba, tena!” Zahoro alikuwa anafuta machozi ya kicheko, simu tayari mkononi.

“Thubutu!” Mauza alimsukuma mlangoni. “Toka dukani kwangu!”

“Shemeji, si mchezo tu?”

Mchezo. Maneno mawili yameua watu wengi mjini hapa: “mchezo tu.”

*

Hakuzivua. Mauza alifungua kifungo cha kizibao, kikajifunga. Hapana, si vidole vya Habib vilivyokifunga. Vidole vya Habib vilikuwa mezani, vimetulia. Alivuta buti hadi akakaa chini kwa kuchoka. Mume akaenda kujilaza chali juu ya mkeka, kofia usoni, buti miguuni. Kila Mauza alipopitiwa na usingizi alizinduliwa na mlio ule ule chumbani.

Chri... chri...

Akiangalia, Habib yuko pale pale, hajasogeza mguu.

Asubuhi alimfungia ndani. Habib akapita dirishani. Wakati Mauza anateremka ngazi, Mtaa wa Mchikichi ulikuwa umejaa kelele. Kulikuwa na lori linashusha marobota ya mitumba, na robota moja lilikuwa limemponyoka kuli, likija chini moja kwa moja kwenye kichwa cha muuza machungwa. Habib alikuwa juu ya lori. Namna alivyofika huko hakuna anayejua. Aliruka, akamsukuma muuza machungwa pembeni, robota likampiga yeye, wakaviringika wote wawili hadi mtaroni.

Muuza machungwa hakupata hata mchubuko.

Habib akainuka. Akajipangusa. Akaweka sawa kofia.

Na watu wakafanya nini? Uliza! Kuna aliyeleta maji? Kuna aliyeuliza, kaka, umeumia? Walitoa simu. Simu nyingi kuliko mikono. Wakapiga makofi, wakapiga miluzi, na mpiga debe mmoja akapaza sauti, “Tena, kauboi! Wengine hatujaona!”

Kabla ya adhuhuri klipu ilikuwa mji mzima. Zahoro aliirusha na muziki juu yake.

Mauza alimpeleka hospitali. Daktari alimpapasa, akampiga eksirei, akairudia, akatoka nayo na uso uliobadilika.

“Dada, mumeo alipata ajali kubwa zamani?”

“Huyu? Hajawahi kuvunjika hata ukucha.”

Daktari akainua picha kwenye mwanga. Mbavu zilikuwa zimevunjika na kuunga. Bega limevunjika na kuunga vibaya. Nyonga. Paja. Kifundo cha mguu, mara nyingi, mara juu ya mara. Mifupa ya mtu aliyeanguka maisha yake yote.

“Hii ni mifupa ya mzee,” daktari alisema polepole. “Na kuna huu ufa hapa shingoni. Huu haujaunga. Huu ni mpya. Akianguka tena kutoka mahali pa juu...” Akaishusha ile picha.

Mauza akamkamata mumewe mkono wakitoka. Ulikuwa baridi. “Habib. Habib wangu. Nisikie. Usipande tena mahali.”

Machoni mwake akamwona. Kwa kufumba na kufumbua, akamwona, Habib mwenyewe, yuko chini kabisa huko kama mtu aliye kisimani. Midomo ikacheza.

“Mauza... niite... niite...”

Mwuguzi mmoja mlangoni akamtambua mtu wa klipu. “Jamani, si yule kauboi!” Akapiga makofi.

Kisima kikafungwa.

“Tena?”

*

Mama wa Habib, Bi Zamda, alikuja kutoka Ilala na kanga zake mbili na jibu lake tayari. Alikuwa mtu wa ngoma za pepo tangu usichana wake.

“Mwanangu ni kiti. Kakaliwa. Pepo wa kizungu huyo, pepo mgeni.”

“Mama, shikamoo kwanza,” Mauza alisema. “Dawa yake ni kuzivua hizo nguo tu.”

“Marahaba. Kumvua? Weee! Pepo ana nguo zake, ana kinywaji chake, ana wimbo wake. Unampa vyake, unamwuliza jina, unamwuliza shida yake, anatulia. Ukimvua umemtukana. Mgeni anavuliwa nguo?”

“Mgeni akikalia kifua cha mwenyeji, anaombwa asimame.”

“Mdomo huo ndio uliomfukuzia mwanangu amani,” Bi Zamda alisema, na shoga zake waliokuja naye wakaitikia kwa kuguna. “Ndoa siku zote hizo, hata kumfundisha mumewe kusubiri nguo ifuliwe imemshinda!”

Neno lile lilimchoma Mauza pale penyewe. Angeweza kulijibu. Alikuwa na majibu ya kugawa. Lakini mumewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, shingo imeegemea upande kama taa iliyolegea, na yeye hakuwa na njia nyingine. Mtu anayezama hachagui kamba. Akawapisha uani.

Alasiri ile walimweka Habib kati. Chetezo kikafuka udi na ubani. Matari yakaanza taratibu. Bi Zamda akainama sikioni mwa mwanawe.

“Wewe nani? Umetoka wapi? Unataka nini?”

Habib alikuwa akiangalia mikono ya wale wanawake. Hakuangalia nyuso. Mikono. Kama mbwa anavyoangalia mkono ulioshika mfupa.

“Kavaa nguo zake, kaja kwetu, tumpokee!” Bi Zamda akatoa ishara.

Wakapiga makofi. Ndivyo pepo wa pwani wanavyopokewa tangu kale: kwa makofi na vigelegele, mpaka kichwa kipande, mpaka kinene. Makofi yakashika mdundo. Na Habib akainua kichwa, na lile tabasamu la upande mmoja likachomoza.

Chri... chri... chri...

Akaufuata mnara wa chuma uliobeba tangi la maji la uani.

“Anapanda!” shoga mmoja alishangilia. “Pepo anapanda! Ongezeni!”

Wakaongeza.

“Acheni!” Mauza alikuwa wa kwanza kuelewa. “Nyamazeni! Nawaomba, shusheni mikono!”

Lakini nani anamsikiliza mke wa mtu katikati ya ngoma? Vigelegele vilimmeza. Habib akafika juu, akawapa mgongo, akafungua mikono... na akaja chini. Shingo ilitoa mlio mdogo. Mdogo tu. Kama njiti ya kiberiti.

Matari yakakatika.

Akainuka. Kichwa kikawa kimelala begani, akakishika kwa mikono miwili, akakirudisha mahali pake. Akajipangusa vumbi.

“Alhamdulillahi, mzima!” Bi Zamda alilia, na mama wa watu, kwa furaha, kwa mazoea ya miaka yake yote, akapiga makofi.

“Tena?” Habib alimwuliza mama yake.

Mauza akaikamata ile mikono ya mkwewe kwa mikono yake, akaibana kifuani. Bi Zamda alimtazama, na polepole ile damu ikamtoka usoni.

“Mwanangu,” alinong’ona. “Nimefanya nini mimi?”

“Mfungie ndani, mama. Mwangalie. Asisikie kofi, asisikie hata la jirani anayekanda unga. Mimi naenda Upanga.”

*

Mama Anjana alifungua mlango, akamwona Mauza, akataka kuufunga. Mauza akaweka mguu.

“Shikamoo, mama. Leo utanijibu.”

Mzee yule akampisha. Hakumkaribisha kiti. Aliketi yeye, akaanza kuongea akiangalia sakafu.

“Ulidhani ni nguo za stelingi. Kila mtu anadhani. Zilishonwa pea mbili, sawasawa kabisa. Za stelingi zilikuwa safi, nyepesi. Hizi ni za yule mwingine. Yule anayeanguka.”

“Anayeanguka?”

“Stelingi hafi, si mnasema hivyo? Hafi kwa sababu kuna mtu anakufa badala yake. Akitupwa dirishani, ni huyu. Akiburutwa na farasi, ni huyu. Kila wiki anakufa, kila wiki anainuka, hakuna anayejua jina lake. Ghanshyam alikuwa anafua damu yake, ya rangi na ya kweli. Siku moja akaanguka kutoka paa la nyumba ya maigizo. Hakuinuka. Na mashine za picha zikaendelea. Watu wakapiga makofi, mwanangu. Walidhani anafanya kazi vizuri. Walipiga muda mrefu sana.”

Nje bajaji ilipita.

“Jioni ile ile wakamletea mume wangu nguo. Fua haraka, kesho kuna mwingine anavaa. Hakuna aliyesimama juu ya yule mtu akamwambia kazi imekwisha. Hakuna. Ghanshyam hakumrudishia mtu nguo zile. Aliziiba. Yeye ndiye mwenye moyo kati yao wote, na ndiye aliyeitwa mwizi.”

“Humu ndani mlikaa naye vipi?”

“Kila Ghanshyam alipofungua sanduku kutia dawa ya nondo, alisimama kimya. Halafu anasema, basi, imetosha, nenda nyumbani. Mimi nilikuwa namcheka, nikidhani anaongea na nondo.” Macho yakamjaa. “Alipofariki, mimi sikusema. Nilisahau. Sanduku likaanza kutembea usiku.”

“Maneno hayo hayo? Yanatosha?”

“Sijui, mwanangu. Yalimtosha Ghanshyam. Lakini yeye hakuwahi kumpigia makofi.”

Simu ya Mauza ikalia. Bi Zamda. Alikuwa analia hata maneno hayashikiki, ila moja.

“Zahoro... Zahoro...”

*

Aliifikia Mchikichi kwa miguu, bajaji imeshindwa kupenya. Mtaa ulikuwa umefurika. Magharibi ilikuwa imetia wekundu juu ya mapaa. Watu walisimama juu ya mikokoteni, juu ya viti vya plastiki, watoto mabegani. Zahoro alikuwa katikati na kamera yake juu ya miguu mitatu na kipaza sauti mkononi. Alikuwa amemgongea Bi Zamda mlango, akamwambia ametumwa na Mauza. Mama wa watu akafungua.

Na juu kabisa, kwenye ukingo wa paa, mtu mwenye kofia pana.

Mauza alipanda ngazi zile kwa mikono na magoti. Kifua kinawaka. Kila ghorofa, mlio ule ule kutoka juu. Chri... chri... Akausukuma mlango wa paa.

Upepo. Harufu ya farasi.

Habib alikuwa ameupa mgongo mtaa. Mikono imefunguka nusu.

Mauza hakukimbia. Alimwendea kama unavyomwendea ndege aliyeingia ndani. Alipokaribia kiasi cha kumshika, alisema kwa sauti ya chini, ile ya chumbani.

“Basi.”

Kofia ikatikisika.

“Imetosha. Umeangukia wengi. Wote wamekwenda kwao, wewe tu umebaki. Imetosha, kaka yangu. Nenda nyumbani.”

Kitu kikashuka kwenye mabega yale. Mkanda wa bastola ukajifungua, ukaanguka miguuni. Kifungo cha kizibao kikaachia. Kingine. Mauza akapiga magoti, akashika buti la kulia, akalivuta, na safari hii likaja, jepesi, kama la mtoto. Mguu wa mumewe ulikuwa ndani, na soksi ile aliyomnunulia yeye.

“Mauza?”

Ni yeye. Habib mzima, sauti yake ya karibu, macho yake yote mawili juu ya kisima. “Mauza, shingo inaniuma... nipeleke ndani...”

“Nakupeleka. Lete mguu wa pili. Lete, mpenzi.”

Akaunyoosha mguu wa pili.

Chini, kipaza sauti kikakwaruza.

“Watu wangu wa Kariakoo! Makofi kwa kauboi wetu!”

“Hapana!” Mauza alipiga kelele kwa nguvu zote alizopewa na mama yake. “Msipige! Nawaomba! Ni mume wangu!”

Kule chini waliona mwanamke akipunga mikono paani. Wakadhani ni sehemu ya video.

Wakapiga.

Makofi ya mtaa mzima yalipanda kama mvua inayonyesha kwenda juu. Mauza alikuwa amemshika mguu, amemshika kwa mikono miwili, akaona macho ya mumewe yanazama, yanazama, huku midomo ingali inamwita.

“Tena,” ilisema sauti ya mbali. Haikuwa ikiuliza.

Buti likabaki tupu? Laiti. Buti la kushoto lilimponyoka mikononi pamoja na mguu wa mumewe, naye akaenda chini.

*

Aliposhuka, maiti haikuwepo.

Palikuwa na duara la vumbi jekundu juu ya lami, na watu wameliacha wazi, kimya, simu zingali juu. Walimwambia aliinuka. Walimwapia. Aliinuka, akakirudisha kichwa mahali pake, akajipangusa, akaukuta ule umati umemfungulia njia. Akaondoka kuelekea Msimbazi akichechemea, mguu mmoja una buti na mwingine una soksi. Chri... tu. Chri... tu. Hakuna aliyemfuata. Zahoro alikuwa ameketi ukingoni mwa mtaro, ameivua miwani. Polisi waliandika maelezo ya Mauza, wakamwuliza kama wana ugomvi ndani ya nyumba.

Tangu siku hiyo ameonekana. Aliruka kutoka paa la mnada wa samaki, Feri. Aliruka kutoka kwenye jengo linalojengwa Posta, akamwokoa fundi aliyekuwa akiteleza. Kila klipu inaishia pale pale. Anainuka, kwa shida zaidi kuliko mara iliyopita. Anakishika kichwa. Anaitazama kamera, midomo inacheza, na huhitaji sauti kujua anachouliza. Halafu chini yake watu wanaandika. Maelfu ya watu. Tena, kaka. Tena. Tenaaa. Wanacheka huku wanaandika.

Bi Zamda hashiki tari tena. Mikono yake ameifunga kwenye kanga kama mtu aliyeungua. Mauza hufunga duka mapema na kuzunguka mjini hadi miguu iishe. Mara mbili amefika mahali vumbi halijatulia. Mara mbili amechelewa. Na watu wanamwambia akubali, akae eda, maana mtu mwenye shingo ile si mtu tena. Yeye alimsikia akiita jina lake. Hakubali.

Kwa hiyo wewe unayesikia habari hii, kama utapita mahali ukaona watu wameangalia juu, na juu kuna mtu mwenye kofia pana na buti la mguu mmoja, nakuomba: irudishe simu yako mfukoni, usipige makofi, na mwambie, “Basi, imetosha, nenda nyumbani. Mauza hajafunga mlango.”